Nani Atatusomea Karatasi ya Altrasaundi?

Katika sehemu zetu za Katangi, na Yatta kwa jumla, kuna karatasi moja ambayo aghalabu huzua hofu kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Ni ripoti ya altrasaundi anayokabidhiwa mwanamke au msichana aliyekwenda hospitali akilalamikia maumivu ya tumbo au hedhi iliyovurugika. Imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, mistari mitano au sita hivi, ikieleza kwamba ovari ina sisti ya sentimita kadha, au kwamba mji wa mimba umelala nyuma, una uvimbe, ama una umbo lisilo la kawaida. Mhudumu ana foleni ndefu, mgonjwa ana matatu ya kuwahi, na karatasi inakunjwa na kutiwa mkobani. Ikifika nyumbani, mwalimu ndiye anayeitwa kuisoma.

Nimeombwa kusoma karatasi za aina hiyo mara si haba, na najua walimu wenzangu huombwa pia. Maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya madhara haitokani na kile kilichoonekana kwenye picha, bali na neno lililoachwa bila kuelezwa. Sisti ikitafsiriwa kuwa uvimbe, na uvimbe nao ukafasiriwa kuwa saratani au utasa, msichana wa shule ya upili huwa amekwisha kuhukumiwa kabla hajatibiwa. Hapo ndipo mbuzi huuzwa, au gunia la ndengu, ili zinunuliwe zile dawa za chupa zinazosemekana kuosha kizazi.

Hebu tuanze na ovari. Kila mwezi, kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, kifuko kidogo cha maji hukua ndani ya ovari kikiwa kimebeba yai. Kifuko hicho hufikia upana wa sentimita 2 au zaidi kidogo kabla ya kupasuka na kuliachilia yai. Kisipopasuka, au kikipasuka kisha kikajifunga tena na kujaa maji au damu, ndicho kinachoitwa sisti. Hiyo ni kazi ya kawaida ya mwili iliyopitiliza kidogo, na nyingi za aina hiyo hunywea zenyewe katika muda wa hedhi mbili tatu. Mwongozo uliotolewa mwaka wa 2011 na chuo cha madaktari wa uzazi cha Uingereza unasema kwamba, kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, sisti ya maji matupu isiyofika sentimita 5 kwa kawaida haihitaji hata kufuatiliwa. Ikiwa kati ya 5 na 7, picha irudiwe kila mwaka. Ikizidi hapo, uchunguzi zaidi ufanywe au upasuaji ufikiriwe. Mwalimu wa Biolojia anayefundisha jinsi yai linavyotoka amekwisha kufundisha nusu ya jambo hili bila kujua. Amalizie nusu iliyobaki.

Inafaa pia kukumbuka kwamba chombo hiki kilipata sifa yake kwa kuondoa hofu. Mwaka wa 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskoti, walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwamo mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani ya tumbo isiyotibika. Mawimbi ya sauti yalionyesha kwamba alikuwa na sisti kubwa mno ya ovari. Ilitolewa, naye akapona. Wanafunzi wa Fizikia watatambua kwamba ni mwangwi tu: sauti ya juu kupita uwezo wa sikio inatumwa mwilini na kurudi. Hakuna mionzi kama ya eksirei. Na msichana asiogope, kwani yeye hupimwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa mkojo.

Sisemi kwamba kila sisti ni ya kupuuzwa. Ipo iitwayo dermoidi, ambayo ndani yake huweza kukutwa mafuta, nywele, hata meno. Mtu akisikia hivyo atamtafuta mganga, ilhali chanzo ni chembechembe za ovari zenye uwezo wa kuunda tishu za kila namna. Nayo sisti kubwa yaweza kuifanya ovari ijipinde na kujinyonga, damu isipite. Maumivu yake huja ghafula, makali, upande mmoja, pamoja na kutapika. Msichana wa aina hiyo hapewi panadoli na kurudishwa bwenini. Anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, maana ovari inaweza kuokolewa ikiwahiwa. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, au sisti ikiwa na vipande vigumu ndani yake, daktari ana sababu ya kutafuta saratani.

Upande wa pili wa kosa hili ni kuiamini mno picha safi. Mtangazaji Njambi Koikai, aliyefariki mwezi wa Juni 2024, aliteseka tangu ujana wake kwa endometriosi, yaani ugonjwa ambao tishu zifananazo na za ndani ya mji wa mimba huota mahali pengine. Kwake zilifika hata mapafuni. Alipitia miaka mingi ya mateso kabla ya ugonjwa kujulikana jina, na alitumia sauti yake kuwaeleza Wakenya habari zake. Ugonjwa huo unaweza kuwapo na altrasaundi isionyeshe kitu. Kwa hivyo mwanafunzi anayekosa masomo kila mwezi kwa maumivu asiambiwe anajifanya kwa sababu tu karatasi yake haina dosari.

Kuna pia wale wanaoandikiwa kwamba ovari zao zina vifuko vingi vidogo, kisha wakaambiwa hawatazaa. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka wa 2023 kuhusu tatizo hilo la homoni haupendekezi altrasaundi itumiwe kulitambua kwa wasichana wabalehe, kwa kuwa ovari changa nyingi zina sura hiyo hiyo.

Kuhusu mji wa mimba nitasema machache. Huumbwa kwa mifereji miwili inayoungana mtoto akiwa bado tumboni mwa mamaye. Isipoungana vyema, mji huwa na pembe mbili au ukuta katikati. Inakadiriwa kwamba wanawake wapatao 5 katika kila 100 wana hitilafu fulani ya namna hiyo, na wengi huzaa bila kujua. Ukuta wa katikati unaweza kuleta kuharibika kwa mimba, nao unaweza kukatwa. Mji uliolala nyuma si ugonjwa. Mwanamke mmoja kati ya watano hivi yuko hivyo. Faibroidi nazo ni jambo la kawaida mno kwa wanawake weusi, na kwa nadra sana huwa saratani. Lakini msichana aliyebalehe, anayeumwa tumbo kila mwezi wala haoni damu, apelekwe kwa daktari, maana huenda njia imezibwa na damu inakusanyika ndani.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hata hivyo, naona huku kwetu tunamfunua mwanamke peke yake. Wakamba walikuwa na desturi ya iweto, ambapo mwanamke asiye na mtoto alioa mke ili azaliwe watoto kwa jina lake. Ilikuwa njia ya heshima kwa wakati wake, lakini mume hakuulizwa. Leo mke hupigwa picha mara tatu, na mume hajapimwa shahawa hata mara moja. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka wa 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na ugumba maishani mwake, na tatizo hilo huwapata wanaume sawa na wanawake.

Basi nani atatusomea? Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Kwa hiyo mama wa Katangi anayeuliza kwa Kikamba sisti ina ukubwa gani, ni maji matupu au ina kitu kigumu, na arudi lini, hasumbui mtu. Anadai haki yake. Hospitali za Matuu na Machakos zingeweza kuongeza chini ya kila ripoti mistari miwili ya Kiswahili, na mhudumu akaisoma kwa sauti kabla ya kumwita anayefuata.

Sisi walimu tusijifanye madaktari. Tusome kilichoandikwa, tuseme maana ya neno, na tumrudishe mgonjwa kwa aliyempima akiwa na maswali yake kwenye karatasi. Na ripoti ikiwa ya mwanafunzi, isomwe mbele yake na mzazi wake, mlango ukiwa umefungwa, wala si katika ofisi ya walimu wakati wa chai ya saa nne.