Anayekosa Kuswali Kazini Si Lazima Awe na Imani Haba

Mfanyakazi akilalamika kwamba zamu yake haimwachii nafasi ya kuswali, majibu huwa tayari: imani yako imepungua, panga muda wako, Mungu yuko moyoni. Hutolewa mimbarani na vibarazani, tena na watu wenye nia njema. Lakini majibu hayo ni ya uongo, na yanawaumiza waumini wanyonge kuliko wote.

Tazama Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani, mwezi wa Desemba. Adhuhuri huingia saa sita na dakika chache, alasiri mnamo saa nane na ushei, na jua huzama saa kumi na nusu. Swala tatu zimebanana ndani ya zamu moja ya mchana. Aliyekulia Mombasa au Unguja, ambako nyakati za swala hazisogei sana mwaka mzima na adhana humfuata mtu hadi sokoni, hajawahi kubanwa namna hii. Na dakika anazozihitaji mfanyakazi si mali yake. Ni za msimamizi, na siku hizi ni za kompyuta inayohesabu vifurushi.

Hilo ndilo lililowatoa nje wafanyakazi wa ghala la Amazon huko Shakopee, kusini-magharibi mwa jiji, Desemba 2018. Wengi wao walikuwa Waislamu wenye asili ya Somalia. Walisema kasi waliyowekewa iliwatia hofu ya kwenda kuswali, hata kwenda chooni. Kampuni ilijibu kwamba ruhusa ya kuswali ipo. Ruhusa hiyo ina maana gani kwa mtu anayeogopa namba zake zikishuka atafukuzwa? Julai 2019, katika siku za mauzo makubwa ya Prime Day, baadhi yao waligoma. Hakuna anayeweza kusema watu hao walipungukiwa imani.

Mei 2023 jimbo la Minnesota likapata sheria ya maghala, iliyoanza kutumika Agosti mwaka huohuo. Mwajiri hawezi tena kudai kiwango cha kazi kinachomnyima mfanyakazi chakula, mapumziko, choo au swala. Swala imetajwa waziwazi. Aprili mwaka huohuo, Halmashauri ya Jiji la Minneapolis ilikuwa imeondoa vikwazo vya kelele vilivyozuia adhana ya alfajiri na ya usiku, hivyo swala zote tano zikaweza kuadhiniwa kwa vipaza sauti.

Wakristo nao wasidhani Jumapili yao ililindwa na moyo peke yake. Minnesota hadi leo hairuhusu magari kuuzwa siku hiyo, na maduka ya pombe yalikuwa yakifungwa Jumapili mpaka Julai 2017. Ulinzi huo ulipolegea kwingineko, Gerald Groff, mfanyakazi wa posta wa Pennsylvania, alitakiwa kusambaza vifurushi vya Amazon Jumapili. Alikataa, akaishia mahakamani. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba mwajiri anayekataa kumpa muumini nafasi ya ibada lazima athibitishe mzigo mkubwa kweli kwa biashara yake.

Ni kweli, wapo wenye nafasi tele na hawaswali. Hao wahimizwe. Ila kumpima kwa kipimo hichohicho mama anayepakia masanduku huku akihesabiwa sekunde ni dhuluma, hata ikisemwa kwa sauti ya upole.

Mchungaji anayemkemea mlezi wa wazee wa Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, kwa kukosa ibada amuulize kwanza nani anapanga zamu zake, kisha atafute washirika wa kumbadilishia. Na imamu anayehutubia Ijumaa juu ya uvivu wa kuswali aisome sheria ya 2023 hapohapo mimbarani, awaambie waumini kwamba malalamiko hupelekwa Idara ya Kazi na Viwanda ya jimbo, Saint Paul, na ajitolee kuwasindikiza.