TAARIFA YA TAWI: KISIMA KIPYA NA KARO LISILOJAA

*Kwa wanachama wote*



Tangu Jumapili simu za viongozi hazipumui. Suali ni moja: kwa nini Kamati ya Tawi imezuia kisima ambacho mfadhili ameshakitolea fedha, mashine ya kuchimbia iko njiani na wananchi wanahangaika na madumu? Wapo walioandika kuwa tumenunuliwa. Wapo waliosema tunamwogopa Sheha. Tumeona tujibu kwa maandishi, mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake.

Tuanze na lililo chungu kwetu wenyewe. Kisima kilipangwa kuchimbwa nyuma ya ofisi ya Tawi. Tulipopima kutoka alama ya mchimbaji hadi karo la choo cha ofisi yetu tulipata hatua 19. Hadi karo la madrasa, hatua 31. Karo la ofisi lilichimbwa tulipojenga, mwaka 2009, na halijawahi kunyonywa hata siku moja. Tulikuwa tukilisifia. Fundi alituambia limekaa pazuri, halijai. Wengi wenu mna makaro ya namna hiyo majumbani na mnamwombea dua fundi. Hatukujiuliza, miaka yote hii, uchafu ule unakwenda wapi.

Unakwenda chini, kwenye maji. Sehemu kubwa ya kisiwa chetu imekaa juu ya tumbawe lililogeuka jiwe, yaani jiwe la chokaa. Maji ya mvua hupata ukali kidogo hewani na kwenye udongo, kisha hulila jiwe hilo taratibu, ufa ukawa tundu, tundu likawa pango. Aliyefika pango la Mangapwani amejionea maji matamu yamekaa ndani ya jiwe. Na anayetoka maweni anajua kuwa kule hakuna mito: mvua inapiga, inazama, baada ya saa moja huoni hata kidimbwi. Tunapenda kusema maji yamechujwa na ardhi. Kwenye mchanga mzito, ndiyo, maji hupita polepole baina ya chembe na vijidudu vingi hunasa au hufa njiani. Kwenye jiwe lenye nyufa hakuna kinachochuja. Maji yanapita kama kwenye bomba, na kilichomo kinapita nayo.

Wala hili si jambo la umasikini wetu tu. Mwezi Mei 2000, katika mji wa Walkerton, Canada, wenye watu wasiofika 5,000, mvua kubwa iliosha samadi ya ng'ombe kutoka shamba la jirani ikaingia kwenye kisima cha mji. Kisima kile kilikuwa kifupi na kimechimbwa kwenye jiwe la chokaa lenye nyufa. Dawa ya klorini haikusimamiwa ipasavyo. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,300 waliugua. Mwenye shamba hakuonekana na kosa, kwani samadi aliiweka kwa utaratibu unaokubalika. Waliochunguza baadaye walikuta maji ya chini ya mji ule yanatembea kwa kasi kubwa kuliko hesabu za wataalamu zilivyokuwa zikionesha. Kwa hiyo mtu akituambia mita 30 baina ya choo na kisima zinatosha, tunamuuliza: zinatosha kwenye jiwe gani?

Sasa tujibu hoja zenu, maana nyingine ni nzito.

Wazee wetu, mmesema kuwa nyinyi mmekulia maji ya kisima na mko hai. Ni kweli, Mola awazidishie umri. Lakini shehia hii mlipokuwa vijana ilikuwa na nyumba ngapi, na minazi mingapi? Leo baina ya ukuta na ukuta hapapiti baiskeli, na kila nyumba ina karo lake. Na mji huu ulishaonja. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu Unguja. Baadaye Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, akaleta mjini maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu, na mji ukaacha kutegemea visima vyake pekee. Na vijana hawahitaji kufundishwa historia hiyo: kipindupindu cha 2015 na 2016 wanakikumbuka, wagonjwa walipita 4,000 na skuli zikafungwa.

Wengine wanasema tuchimbe kina zaidi. Kina kina mpaka wake hapa. Maji matamu ya kisiwa yanaelea juu ya maji ya bahari, na kanuni yake ni hii: mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 chini yake. Ukiyashusha kwa mita 1 kwa kuvuta kupita kiasi, unapoteza hazina ya mita 40 na chumvi inapanda. Jamaa zetu wa pwani ya mashariki hawahitaji kuelezwa ladha yake.

Na kuna hoja ya kina mama: tutachemsha. Tafadhalini endeleeni kuchemsha, ni kinga kubwa dhidi ya vijidudu. Lakini makaro yanatoa pia naitreti, ambayo haina rangi, haina harufu, haifi kwa moto wala klorini. Ukichemsha, maji yanapungua na yenyewe inabaki, kwa hiyo inakoleza. Kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 50 kwa lita. Ikizidi sana, anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga: damu yake inashindwa kubeba oksijeni, midomo inakuwa samawati. Mwenye mtoto wa chini ya miezi 6 asitumie maji ya kisima ambacho hakijapimwa, hata yakiwa meupe kama kioo.

Tukubali pia kosa letu la kisiasa. Kwenye kampeni tuliahidi visima, na tukavihesabu kama tunavyohesabu kadi za wanachama. Kisima kina picha, kina utepe, kina kibao cha jina la mfadhili. Hajatokea kiongozi wa chama chochote aliyekata utepe wa karo. Ndiyo maana tunachimba kisima kipya kila uchaguzi, na chini yake hali ni ile ile.

Msimamo wa Kamati ni huu. Kisima hakitachimbwa nyuma ya ofisi. Mfadhili tumekaa naye; hakufurahi, na amesema wazi kuwa fedha zinaweza kwenda shehia nyengine. Tumemwomba azielekeze kwenye kuvuta bomba kutoka laini ya barabara kuu na kuweka tangi. Ametupa wiki 3 tumletee makisio. Tukishindwa, tutakuwa tumekosa vyote viwili, na lawama hiyo tunaibeba. Visima 4 vilivyopo vipimwe mara mbili, sasa na mvua za masika zikishakolea, kwa sababu kisima cha jiwe kinaweza kuwa safi kiangazi na kikaharibika kwa mvua moja.

Karo la ofisi linafungwa kuanzia Jumatatu. Tutajenga jipya, sakafu na kuta zimepigwa plasta, lisilovuja, linyonywe kwa gari kila likijaa. Ni gharama, na mchango utapita kwenu. (Gari likishanyonya linakwenda kumwaga wapi? Hilo tumemuuliza Diwani, tunasubiri jibu.)

Kila mwenye kisima au jirani na kisima ahesabu hatua hadi makaro yote anayoyaona, amtumie Katibu kabla ya Alkhamisi usiku. Asiye na simu amwambie mjumbe wake. Kikao ni Ijumaa baada ya sala ya Alasiri, hapo hapo ofisini. Wanaopinga uamuzi huu ndio tunaowahitaji zaidi.

*Kamati ya Tawi*