Kampuni ikifunga duka la gemu, wewe wabaki na nini?

Haya wasomaji, leo tuzungumze gemu, na msidhani ni mambo ya watoto. Mwenye kibanda cha gemu Kericho au Bomet anajua kwamba zile TV mbili na PlayStation zake ndizo karo na unga. Sasa, kampuni iliyounda mashine ikisema biashara imeishinda, huyu jamaa anabaki na nini?

Tuanze na Sega ya Japani. Tarehe 31 Januari 2001 ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza Dreamcast, mashine ambayo haikuwa imetimiza hata miaka mitatu sokoni, na badala yake itaandika gemu za kuchezwa kwenye mashine za wengine. Kabla mwaka huo kwisha, Sonic, yule kalunguyeye wa buluu, alikuwa anakimbia ndani ya mashine ya Nintendo, mpinzani wa jana! Kampuni ikapona. Mnunuzi je? Mwenye Dreamcast na diski zake aliendelea kucheza. Mashine ikiwa nzima, hata leo atacheza, kwa sababu gemu yote imo kwenye diski.

Linganisha na Stadia ya Google. Haikufika Kenya, lakini funzo lake latuhusu. Gemu zilikaa kwenye seva za Google, mchezaji akaletewa picha tu kwa intaneti. Septemba 2022 Google ikatangaza kufunga, na tarehe 18 Januari 2023 ikazima. Haki yake tuiseme: ilirudisha pesa za padi na gemu zilizonunuliwa katika duka lake, tena ikafungua padi zitumike kwa Bluetooth. Huo ni uungwana. Lakini uungwana wa mtu mwingine si mtaji wa kufungulia kibanda.

Huku kwetu tumeona wenye mali wakibadilika. Mwaka 2022 Unilever iliuza biashara yake ya chai duniani, mashamba ya huku yakiwemo. Mambo ya ardhi na wafanyakazi yana mjadala wake, ila mche wa chai wenyewe uliendelea kuchipua. Hauulizi ni nembo ya nani iko langoni.

Kampuni ina haki ya kuondoka. Hakuna anayebeba hasara milele. Ninachopinga ni kuondoka na ufunguo. Mashine inayoomba ruhusa kwa seva kila ikiwashwa haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna mtu wa kazi kama yangu aliyeandika mistari hiyo ya programu. Basi kabla seva haijazimwa, kampuni itoe toleo la mwisho lisilohitaji ruhusa hiyo.

Nawe unayetafuta mashine ya kibanda, fanya jaribio moja pale dukani: zima intaneti, tia diski, uone kama gemu itaanza. Ikikataa, jua unapanga tu, hununui.