Si kila amplifaya ndogo ni salama

Mwandishi wa makala ya amplifaya za gari, kwenye wati za RMS umenena, ila hapo uliposema amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika nakukatalia. Hapa Mlowo, barabara kuu ya Tunduma, tuita nyingi nilizoona zikifunguliwa kwa fundi zimeungua kwa amplifaya dhaifu iliyofunguliwa mpaka mwisho: mawimbi yanakatwa vichwa, sauti inakwaruza, koili inachemka. Spika ya wati 75 RMS ipe amplifaya ya 75 hadi 100 kila chaneli, gaini uishushe. Na ndugu zangu wa malori, Scania ni volti 24, amplifaya hizi ni za 12, wekeni konvata kwanza! Fyuzi ikae karibu na betri, tafadhali, magari yanaungua.