Dhamana Ikiisha, Haki ya Mnunuzi Haiishi

Kompyuta mpakato si kitu cha anasa tena kwa mtu wa Nyamagana. Karani wa ofisini, mwalimu wa sekondari, mchapaji wa barua na vyeti, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Malimbe, wote huitegemea kama mkulima ategemeavyo jembe. Lakini jembe likivunjika mpini, mkulima huingia porini akachonga mwingine. Kompyuta ikizimika mwezi wa kumi na tatu, siku chache baada ya dhamana ya mwaka mmoja kwisha, mwenye nayo huambiwa kwamba dukani hawahusiki tena, na fundi humtajia gharama ya kumfanya ajiulize kama si heri anunue nyingine. Mshahara umekwisha gawanywa, karo ya watoto yangojewa, na kazi imesimama.

Wengi humlaumu fundi. Sisi twasema kwamba gharama hii haizaliwi mezani pa fundi. Huzaliwa siku chombo kinapoundwa, na mnunuzi huikubali bila kujua siku anapotoa fedha yake dukani.

Yafaa tueleze. Dhamana ya kiwanda aghalabu hufunika makosa ya kiwandani tu. Chombo kikimwagikiwa maji, kikianguka, au umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ukakiunguza, hasara ni ya mwenyewe. Betri huchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, hata ikitunzwa namna gani. Zamani mtu aliweza kuichomoa kwa vidole na kutia nyingine. Siku hizi kompyuta nyingi nyembamba zina betri iliyofungiwa au kugandishwa kwa gundi ndani, na kumbukumbu yake imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Basi kikifa kipande kidogo mfano wa punje ya mtama, mnunuzi huambiwa abadilishe bodi nzima. Fundi hodari angeweza kukitoa kipande hicho na kutia kingine. Lakini atakijuaje bila mchoro wa njia za umeme, na michoro hiyo viwanda vingi huifanya siri?

Watu wa Kanda ya Ziwa wanaijua hali hii kwa jina jingine. Kabla ya vyama vya ushirika, mkulima wa pamba alipeleka mzigo wake kwa mnunuzi akatajiwa uzito, naye hakuwa na njia ya kuuhakiki. Wakulima walikataa. Wakaweka watu wao wa kusoma mizani, wakaunda vyama, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho la VFCU hapa Mwanza, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Wakulima wale walitambua kwamba asiyeweza kuisoma mizani hula kile anachopewa. Mnunuzi wa kompyuta leo yu katika hali ile ile, kwa maana haoni ndani ya kile anachokilipia.

Wako watakaosema kwamba haya hayana dawa, kwa kuwa ndivyo ufundi wa kisasa ulivyo. La hasha! Nchini Ufaransa, tangu Januari 2021, muuzaji hulazimika kuonyesha alama, kati ya 10, ya jinsi kompyuta mpakato inavyotengenezeka, ili mnunuzi aione kabla ya kulipa. Katika jimbo la California huko Marekani, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024 yawataka wenye viwanda watoe vipuri, vifaa na maelezo ya ufundi kwa miaka 7 kwa kila chombo cha umeme cha bei ya dola 100 au zaidi, hata kama dhamana imekwisha zamani. Majina ya viwanda yaliyoandikwa juu ya kompyuta za huko ndiyo tuyaonayo madukani kando ya Barabara ya Nyerere. Kinachowezekana kwa mtu wa California kwa nini kisiwezekane kwa mtu wa Nyamagana?

Tanzania haikosi pa kuanzia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, nayo yakataza kumdanganya mnunuzi. Twaomba hatua ya pili ichukuliwe. Muuzaji aandike kwa Kiswahili dhamana inafunika nini na haifuniki nini, vipuri vyapatikana wapi, na bei ya betri, kioo na kibodi ni kiasi gani siku ile ya kuuza. Kadhalika viwanda vinavyouza hapa vitakiwe kutoa vipuri na michoro kwa muda wa miaka inayojulikana. Wafanya biashara watasema kwamba vipuri huagizwa mbali na ni ghali. Huenda ni kweli. Basi na waseme hivyo kabla ya kupokea fedha, wala si baadaye.

Mafundi nao wana wajibu. Mji huu una mahali paitwapo Makoroboi, jina lililotokana na koroboi, taa ndogo za mafuta ambazo mafundi wa bati walizitengeneza kwa makopo yaliyotupwa. Fundi wa namna hiyo ni fahari ya mji. Lakini fundi anayechomoa kipuri kizima na kutia kibovu anawachafulia jina wenzake wote. Kila fundi na aandike ubovu na bei kabla ya kuanza kazi, arudishe kipuri cha zamani, na atoe dhamana ya kazi yake mwenyewe. Vyuo vya VETA vikitoa vijana wanaojua kutengeneza bodi badala ya kuibadilisha tu, bei itashuka.

Jambo hili lagusa hata ziwa letu. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vibovu vya umeme, na isiyofikia robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa njia iliyo sahihi. Kinachotupwa kando ya Mto Mirongo huishia ziwani.

Wakati tukingojea sheria, wafanyakazi tusikae mikono mitupu. Matawi ya vyama vya wafanyakazi na vyama vya akiba na mikopo yaweza kununua kompyuta za aina moja kwa pamoja, ambazo betri na kumbukumbu zake hutolewa kwa bisibisi, na kupatana mapema na fundi mmoja mwaminifu. Mtu mmoja akiuliza bei ya betri dukani hupuuzwa. Wakiuliza watu arobaini wenye fedha mkononi, muuzaji hutafuta jibu. Kila mmoja na aweke nakala ya kazi zake mahali pengine, asafishe vumbi la feni, na atumie kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme.

Na kabla ya kulipa, tuulize sote swali hili moja: dhamana ikiisha, nani atakitengeneza, na kwa bei gani? Muuzaji asiyeweza kujibu hastahili fedha yetu.