Chifu Ni Mkuu wa Nani?

Afisa mdogo anayejiona mungu nyuma ya meza, Waingereza wana maneno tele ya kumkejeli. Sisi Wakenya tulichukua neno lao moja tukafanya kinyume. Afisa wa ngazi ya pili kutoka chini katika serikali nzima, ambaye chini yake kuna naibu wake tu, tunamwita Chifu. Yaani mkuu.

Asili ya neno ni kichwa kwa Kilatini. Lilifika Uingereza kupitia Kifaransa, ndiyo maana chifu na shefu wa hotelini ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti ni kwamba shefu ukimlipa, unakula.

Na si ati tulirithi cheo hiki kwa mababu. Wakikuyu walikuwa na kiama, Wameru Njuri Ncheke: wazee wanakaa, wanasikizana. Mkoloni alitaka mtu mmoja wa kupokea amri, kukusanya kodi ya nyumba na kutoa watu wa kazi ya lazima. Sheria yake ya 1902 ilimwita “headman” tu. Uchifu ulikuja kushika baadaye, kwa sababu kumpa mtu jina kubwa ni rahisi kuliko kumpa mshahara mkubwa.

Utaniambia ni jina tu. Zii. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, fomu yangu ya basari ilidai muhuri wa chifu. Nilienda mara nne. “Chifu hayuko.” Mara ya tano alikuwepo, lakini tarehe ya mwisho ilikuwa imepita, na chuo nikakiacha kwa kukosa karo. Angekuwa anaitwa karani wa lokesheni, ningemuuliza anafungua ofisi saa ngapi. Lakini mkuu haulizwi saa. Mkuu anangojewa nje, kwa benchi, na muhuri ambao ni haki yako unaupokea kama zawadi.

Mwaka wa 1997 Bunge lilipunguza mamlaka ya machifu. Katiba ya 2010 ikataka utawala wa mikoa upangwe upya katika miaka mitano. Kufikia 2013 kukawa na sheria mpya, na ndani yake chifu yupo, kwa jina lile lile.

Najua kuna machifu wanaoamshwa usiku wa manane kuamua ugomvi wa mipaka. Hao ndio wa kwanza kustahili jina la kazi badala ya jina la kiti. Tanzania walifuta uchifu kisheria miaka ya sitini. Leo wana mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata. Akikaa bila kutenda, jina lake lenyewe linamsuta.

Nairobi neno hili tushalishusha bei: askari wa geti ni chifu, makanga ni chifu, hata mtu anayekuomba sigara anakuita chifu. Kilichobaki ni fomu za serikali na midomo yetu huko mashinani. Ukiingia ofisi ile, msalimie kwa heshima, muite afisa, kisha muulize muhuri uko wapi.