USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO

Kila amri za uhamisho zinapotolewa, askari wa jeshi na wa polisi hujiandaa kwa desturi tuliyoizoea: masanduku hufungwa, watoto hutafutiwa shule, na majirani huagwa. Kwa askari anayeishi katika nyumba za kambi, kazi huishia hapo. Lakini wako wenzetu wengi ambao kwa jasho lao wamejenga au wamenunua nyumba, na kwao uhamisho huleta swali zito. Je, niiuze nyumba hii sasa, au ningoje bei ipande? Na nikiisha kuiuza, je, ninunue nyingine mara moja, au nikae kwanza hata bei ishuke?

Swali hilo si baya. Linalotutia wasiwasi ni jibu linalotolewa katika mesi na katika vituo vya polisi. Askari hushauriwa na wenzake auze wakati bei ni nzuri, apange kwa muda, kisha anunue tena bei itakapoanguka. Maneno hayo huvutia kwa sababu yanafanana na hila ya vita. Sisi tunasema kwamba yana hatari kubwa, na kwamba mwenye kuyafuata anaichezea kamari paa ya watoto wake.

Kwanza tutazame hesabu. Mtu anayehama ni muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja. Tuseme nyumba yake ina thamani ya shilingi milioni 80, na ile anayoitaka ni ya milioni 100. Itambidi aongeze milioni 20. Bei zote zikipanda kwa asilimia 10, atauza yake kwa milioni 88, lakini ile anayoitaka itakuwa imefika milioni 110, na nyongeza itakuwa milioni 22. Bei zikishuka kwa asilimia 10, atauza kwa milioni 72 na kununua kwa milioni 90, na nyongeza itakuwa milioni 18. Basi yule aliyengoja bei ipande ili auze vizuri amejitwika mzigo zaidi, na yule aliyeuza kwa bei ya chini na kununua wakati huohuo amepata nafuu. Anayeuza na kununua kwa pamoja huchukuliwa na soko kama mtumbwi unavyochukuliwa na maji ya ziwa: yakipanda hupanda nayo, yakishuka hushuka nayo. Ni kweli kwamba bei za Gulu na bei za Wakiso haziendi kwa mwendo mmoja. Hiyo ni sababu ya kuzichunguza bei za kule uendako, wala si sababu ya kukaa bila nyumba.

Sasa tumtazame yule aliyeuza akakaa kungoja. Tuseme ameuza kwa milioni 80, akapanga nyumba kwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza atalipa milioni 6. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inamkataza mwenye nyumba kuongeza kodi ya pango kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, lakini hiyo 10 anaweza kuidai. Mwaka wa pili atalipa milioni 6 na laki 6. Kwa miaka miwili zimekwenda milioni 12 na laki 6. Ili aweze kununua nyumba iliyo sawa na ile aliyoiuza pasipo kupata hasara, lazima bei zishuke kwa karibu asilimia 16, na bado hatujahesabu dalali, wakili, ushuru wa stempu na gari la kubebea vyombo mara mbili. Yuko atakayesema kwamba fedha zake zingezaa riba benki. Zingezaa, kama zingeachwa. Lakini sote tunajua kwamba fedha iliyo karibu haikosi wenye shida. Leo ni karo ya shule, kesho ni mgonjwa kijijini, keshokutwa ni rafiki mwenye biashara isiyoshindwa. Nyumba haikopwi na jamaa, fedha hukopwa.

Historia ya nchi yetu inayo mafundisho makali zaidi. Mwezi Mei 1987 Serikali ilibadilisha fedha. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hayo ikakatwa kodi ya asilimia 30 wakati wa kubadilisha. Mtu aliyekuwa na shilingi milioni 10 za zamani alistahili shilingi 100,000 mpya, lakini alipokea 70,000. Tumfikirie mtu aliyeuza nyumba yake mwezi mmoja kabla ya siku ile, akaweka noti ndani ya sanduku akingoja bei ishuke. Jirani yake ambaye hakuuza aliamka asubuhi akazikuta kuta zake zote nne na mabati yake yote, na hakuna aliyekuja kumkata asilimia 30 ya matofali. Wazee wetu waliokuwa katika utumishi wakati huo wanalikumbuka jambo hili vizuri, nasi tuliokuja baadaye tunapaswa kuwauliza.

Wala mambo ya namna hii hayakwisha na miaka hiyo. Mwezi Julai 2011 Benki Kuu ya Uganda ilianza na riba elekezi ya asilimia 13. Ilipofika Oktoba mwaka huohuo mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 30, na Novemba riba hiyo ikapandishwa hadi asilimia 23. Mikopo ya benki za biashara ikapita asilimia 25. Mtu aliyekuwa ameuza nyumba mapema mwaka ule, akitumaini kununua nyingine kwa fedha zake na mkopo kidogo, alipigwa pande mbili. Fedha alizokuwa nazo zilipungua nguvu, na zile alizotaka kukopa zikawa ghali mno. Hakukosea katika ujenzi wala katika kazi yake. Alikosea kwa kukaa katikati.

Wako watakaotujibu kwamba nyumba nazo huanguka bei, na kwamba mwenye akili huiona siku hiyo kabla haijafika. Kuanguka huanguka, hatukatai. Huko Ayalandi bei za nyumba zilianza kuporomoka mwaka 2007, na kufikia mwaka 2013 zilikuwa zimepoteza takriban nusu ya thamani yake. Lakini tuangalie vizuri. Waliotabiri anguko lile walianza kuonya miaka kadhaa kabla, na katika miaka hiyo bei ziliendelea kupanda. Aliyeuza mapema mno aliziona zikimkimbia. Kisha anguko lenyewe lilidumu miaka sita, na hakuna aliyepuliza tarumbeta kutangaza kwamba sasa tumefika chini. Bei zikarudi, na mwaka 2022 zikakipita kile kilele cha zamani. Ikiwa wataalamu wenye takwimu zote mezani walikosea kwa miaka, sajini mwenye maneno ya dalali atapatia kwa kipimo gani?

Iko kamari ya pili, iliyo dada wa hiyo ya kwanza. Nayo ni ya askari anayenunua nyumba mpya kwa mkopo, akaiacha ya zamani bila kuiuza wala kuipangisha, kwa tumaini kwamba bei yake itapanda mwakani. Huyu analipia nyumba mbili kwa mshahara mmoja. Mwezi ukifika, makato hayajui kwamba mnunuzi wa Mbarara amechelewa. Askari aliyelemewa na madeni huwa mzito lindoni, na mwenye dhiki nyumbani hushawishika upesi. Kwa hiyo jambo hili si la mfuko wake peke yake. Linahusu nidhamu ya utumishi.

Basi la kufanya ni lipi? Askari aangalie haja yake kwanza, soko baadaye. Ikiwa uhamisho ni wa muda mfupi na jamaa wanaweza kubaki, aiache nyumba na watu wake. Ikiwa lazima wahame wote, lakini anatumaini kurudi, aipangishe, ili kodi ya huko ilipe kodi ya huku. Ikiwa ameamua kuuza, basi siku ya kuuza na siku ya kununua zikaribiane kadiri iwezekanavyo. Kabla ya kutoa arbuni, aende mwenyewe ofisi ya ardhi kuhakikisha hati, na ajue kama anachonunua ni ardhi yenye hati au ni kibanja tu. Wala asifanye siri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inadai ridhaa ya mke au mume kabla ya kuuza ardhi ambayo jamaa wanaikalia. Sheria hiyo haikutungwa kumdhalilisha mwenye nyumba. Inawalinda wale watakaolala nje ikiwa hesabu zake zitakosa. Mwenye kuhitaji nyongeza afike kwanza katika chama chake cha akiba na mikopo, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, aulize masharti yote, ayalinganishe na ya benki, na akope kile ambacho mshahara wake unaweza kukilipa hata riba ikipanda.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka uliochakaa lakini wako ni bora kuliko zulia zuri linalopita barabarani begani mwa mtu mwingine. Sisi askari tumefundishwa jambo hilohilo kwa lugha nyingine: mtu hatoki katika handaki moja kabla jingine halijachimbwa. Adui hatangazi saa ya kushambulia, na soko halitangazi siku ya kugeuka. Lakini siku ya kustaafu inajulikana, na siku hiyo nyumba ya kambi hurudishwa na funguo hukabidhiwa. Ndugu askari, hakikisha kwamba jioni hiyo una mlango wako mwenyewe wa kubisha, na watu wako wako ndani wakikungoja.